Njia ya Upepo: Kumbukumbu za Mashine ya Kufyonza Vumbi Kisiwani Vamizi

Mchanga wa Vamizi haufanani na mchanga wa bara. Umetokana na matumbawe yaliyotafunwa na pono na kusagwa na mawimbi kwa karne nyingi, nao kwa hivyo ni mweupe, mwepesi kuingia kila mahali na mzito kuondoka, una chumvi ndani yake, na chembe zake nyingi, mtu akizitazama kwa kioo cha kukuzia, zina ncha badala ya kuviringana. Katika kisiwa hicho chembamba, chenye urefu wa takriban kilomita 12, kaskazini mwa visiwa vya Kirimba katika pwani ya Kabo Delgado, Msumbiji, hakuna mlango ulio mbali na ufuo. Akaaye humo huuchukua mchanga kwa nyayo, kwa kanga iliyolowa, kwa mkeka ulioanikwa, na kusi ikikaza hupokea sehemu yake nyingine kwa upepo bila ya kutoka nje. Wamwani, ambao ndio wenyeji, wamelijua jambo hili tangu zamani, na maisha yao ya nyumbani yameafikiana nalo: maji ya kunawia miguu mlangoni, mikeka inayokunjwa na kukung'utwa, na ufagio wa chelewa asubuhi na jioni.

Miaka kadhaa kabla ya machafuko yaliyozuka Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017 na kuigeuza hali ya pwani ile yote, niliitwa kisiwani kuangalia nyumba ya namna nyingine kabisa. Ilikuwa nyumba ya ghorofa moja, pana, imeinuliwa juu ya nguzo fupi, mali ya mgeni aliyekuwa akija na jamaa zake msimu wa kaskazi na kuiacha mikononi mwa watumishi muda uliobaki. Sakafu zake zilisuguliwa hata zikang'aa, zilitandikwa mazulia sebuleni na vyumbani, na ndani ya kuta zake mlilazwa mabomba ya mfumo ambao katika nyumba za Kanada na Marekani ni jambo la kawaida, lakini katika pwani yetu ni adimu: mashine moja kubwa ya kufyonza vumbi kwa ajili ya nyumba nzima. Mimi ni fundi wa umeme na mabomba, kwetu Mikindani, na mashine za jinsi hiyo nilizijua Maskati, nilikofanya kazi katika majumba ya watu wenye uwezo, baadhi yao wakiwa wa asili ya Unguja na wakizungumza nasi Kiswahili kama wako nyumbani. Ndiyo sababu nikatafutwa mimi.

Kwa msomaji ambaye hajapata kuiona, nitaieleza. Badala ya mtu kuburura mashine yenye magurudumu toka chumba hadi chumba, mota na tangi lake la taka huwekwa mahali pamoja, stoo au banda la nje. Toka hapo bomba lenye ukuta mwembamba, lenye upana wa inchi 2, yaani karibu milimita 51, hupita chini ya sakafu na ndani ya kuta, likitoa matawi hata kwenye matundu yenye vifuniko yaliyowekwa ukutani. Mwenye kusafisha huchukua mpira mrefu, aghalabu wa mita 9 au 10, akauchomeka katika tundu lililo karibu naye, na papo hapo mota ikawaka kule iliko, kwa sababu nyaya mbili ndogo za volti 24 zinazofuatana na bomba hukutanishwa na mdomo wa mpira. Vumbi husafiri ndani ya ukuta likaanguka katika tangi, na upepo uliokwisha kutumika hutolewa nje ya nyumba. Faida yake kuu, kwa rai yangu, ni hiyo ya mwisho. Mashine ya kuburura, hata ikiwa njema, huurudisha chumbani upepo uleule iliouvuta, pamoja na vumbi laini lililolishinda chujio, na mwenye pumu hulijua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote. Hii hulitoa nje moja kwa moja, na kelele zake zabaki huko huko mbali.

Fikra yenyewe ni kongwe kuliko wengi wadhanivyo. Mwaka 1901 mhandisi Mwingereza, Hubert Cecil Booth, ambaye alikuwa ameona London mashine iliyolipuliza vumbi badala ya kulivuta, aliweka leso yake juu ya kiti cha mkahawani, akavuta pumzi kwa kinywa, na alipoitazama leso akaona alama ya uchafu ulionaswa; toka hapo akaunda mashine kubwa ya kukokotwa na farasi, ikisimama barabarani huku mipira yake mirefu ikipitishwa madirishani, na mwaka 1902 mazulia ya Westminster Abbey yakasafishwa nayo kwa ajili ya kutawazwa Mfalme Edward VII. Katika miaka hiyohiyo David T. Kenney alikuwa akifunga Marekani mashine zisizohama, zilizokaa mahali pamoja katika jengo na kuvuta vumbi kwa mabomba ya chuma, akapewa hataza mwaka 1907. Mashine ndogo za mkononi zilikuja nyuma yake zikashinda kwa bei, na mabomba mepesi ya plastiki yalipoenea baada ya Vita Kuu ya Pili ndipo mfumo wa nyumba nzima ulipowarudia watu wa kadiri huko Amerika ya Kaskazini. Nayasimulia haya kwa kuwa yanaonyesha asili ya jambo: tangu mwanzo mashine ilikuwa nje, mtu alikuwa ndani, na kilichokuwa kati yao ni njia. Hiyo njia ndiyo habari yangu.

Nilipofika kisiwani nilikuta shauri limekwisha kukatwa. Msimamizi wa nyumba alikuwa na karatasi ya bei mkononi, ya mota mpya yenye nguvu maradufu, iagizwe ng'ambo, ije Pemba ya Kabo Delgado kwa meli na itoke huko kwa boti. Mimi nilitakiwa nithibitishe tu kwamba ile iliyopo imezeeka. Kabla sijafungua kifuniko chochote nilimwamkia mama mmoja wa Kimwani, mtu mzima, mkuu wa watumishi wa ndani, aliyekuwa ukumbini akikung'uta busati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuitazama mashine?"

"Ndiyo, mama. Imekuwaje?"

"Inalia kwa nguvu, lakini haili."

Nikamwuliza ni wapi isipokula, na tangu lini. Akanijibu kwa utulivu wa mtu ajuaye kazi yake: upande wa jikoni yala vizuri hata leo, vyumba vya mashariki vilianza kudhoofika baada ya masika, na chumba cha juu hakikupata kula sawasawa tangu nyumba ilipofunguliwa. Nikamwuliza kama amekwisha kumweleza mtu mwingine maneno haya. "Hakuna aliyeniuliza, mwanangu," akasema, akaendelea na busati lake.

Katika maneno hayo, asiyeijua kazi angesikia malalamiko. Mimi nilisikia nusu ya uchunguzi wangu umekwisha kufanywa, tena na mtu ambaye hakuna karatasi iliyomtaja. Mota iliyochakaa huchakaa kwa nyumba nzima. Haichagui kuuhurumia upande wa jikoni na kuunyima upande wa mashariki. Fauka ya hayo, mota ya kufyonza inapozibiwa njia haipunguzi sauti, huipandisha, kwa kuwa haina upepo wa kuusukuma na mapanga yake huzunguka bila ya mzigo. Basi mashine iliayo kwa nguvu na isile ni mashine ambayo, kwa dalili ya kwanza, njia yake imefungwa mahali fulani. Ningependa kila fundi kijana alizingatie jambo hili: anayeshika ufagio kila siku huijua ardhi ya nyumba kuliko aliyeichora ramani yake, na kumwuliza yeye kwanza si adabu tu, ni sehemu ya kazi.

Taratibu niliyoifuata ni ile niliyofundishwa Maskati, nayo huanza kwenye mashine na kwenda nje, wala haianzi mbali na kurudi. Mashine nyingi za namna hii zina tundu ubavuni mwao. Nikauchomeka mpira hapo, nikaufunika mdomo wake kwa kiganja, na mkono ukanaswa hata nikalazimika kuubandua kwa kuupinda. Mota, basi, ilikuwa nzima. Nikatazama mfuko wa taka na chujio, kwa sababu mfuko uliojaa unga laini hudanganya: waweza kuonekana una nafasi ilhali vitundu vyake vimekwisha kuzibwa. Kisha nikalifuata kila tundu la ukutani kwa zamu, toka lililo karibu na mota hadi la mwisho. Tundu moja likiwa dhaifu peke yake, ugonjwa uko katika tawi lake. Yote yakiwa dhaifu, uko katika shina au kwenye mpira wa kifuniko cha tangi. Na yakidhoofika kuanzia mahali fulani kwenda mbele, huna haja ya kutafuta kwingine ila hapo udhaifu ulipoanzia. Kwetu udhaifu ulianzia chini ya ujia wa mashariki, kama mama alivyosema.

Hapo nilihitaji moshi. Bomba linalovuta upepo haliwezi kuvuja kwa kutoa. Huvuja kwa kuingiza, na uvujaji wa kuingiza hauonekani kwa macho wala haudondoshi tone la kukuonyesha mahali. Nilimwomba yule mama chetezo, akaniletea chenye makaa na kipande cha udi, mashine ikawashwa, nami nikaingia chini ya nyumba kwa magoti, nikikisogeza kiungo kwa kiungo. Moshi ulipanda wima kwenye kiungo cha kwanza na vilivyofuata, ukacheza kidogo kwa upepo wa bahari na kupotea juu. Lakini nilipokifikisha chini ya kiungo kilicho karibu na chumba cha pili, ule uzi wa moshi ulikatika katikati, ukalala, ukaingia ndani ya ufa mwembamba ambao nisingeuona hata kwa tochi. Niliuwekea ufa huo kidole nikahisi ubaridi wa hewa inayoingia. Watumishi waliokuwa juu walisema baadaye kwamba upepo uliotolewa nyuma ya banda ulikuwa ukinukia udi.

Sababu yake ilikuwa bayana nilipokikata kiungo hicho. Aliyejenga alikuwa amepungukiwa na bomba la asili, akaunga kipande cha bomba la maji taka la milimita 50 katika viungo vya milimita 51, na tofauti ile ndogo akaijaza gundi. Gundi haikuumbwa kujaza nafasi. Imeumbwa kuyeyusha plastiki mbili zinazogusana na kuzifanya kitu kimoja. Masika yakaja, nguzo zikatulia kidogo ardhini, gundi ikapasuka, na toka siku hiyo vyumba vya mashariki vikawa vinagawana upepo na ufa.

Amma chumba cha juu, hicho kilikuwa na ugonjwa wa kuzaliwa nao. Bomba lake lilipita chini ya sakafu, likapinda kwa elbo kali na kupanda wima ndani ya ukuta. Vumbi la nyumba, nywele na nyuzi za zulia huteremka katika bomba la namna hiyo bila ya taabu. Mchanga wa matumbawe ni mzito, na ukifika chini kwenye pindo kali hugonga, hupoteza mwendo, hutulia. Ukichanganyika na unyevu wa usiku hushikamana. Nilipoikata elbo ile niliikuta imejaa zaidi ya nusu, mchanga umegandamana kiasi cha kushika umbo la bomba ulipotolewa. Kanuni ya waliobuni mfumo huu ni kwamba pindo kali huruhusiwa mahali pamoja tu, nyuma ya tundu la ukutani, ili kitu kikubwa kikiingia kikwame hapo hapo penye kufikika. Kwingine kote pindo liwe pana. Hata mpira wenyewe hufanywa mwembamba kuliko bomba, yapata milimita 32 kwa ndani, ili kilichoweza kupita mkononi kisishindwe kupita ukutani. Niliweka pindo pana, na chini ya lile bomba la wima nikafunga tii yenye kifuniko cha kuzungushwa, ili mchanga utakaobaki uwe na mlango wa kutolewa bila ya msumeno.

Nitie neno hapa juu ya kuzibua, kwa kuwa nimeona hasara nyingi. Bomba hili si la maji. Ukuta wake ni mwembamba, na anayeingiza waya wa chuma kwa nguvu hulitoboa, au huukata ule waya ukabaki ndani ukikusanya uchafu mpya. Dawa ya kwanza ni kuwasha mashine na kuufunga na kuufungua mdomo wa mpira kwa kiganja, haraka haraka, ili upepo upige kwa vishindo. Ya pili ni kuvuta kinyume: mashine ndogo ya kuburura ikiwekwa kwenye tundu la ukutani, mota kubwa ikiwa imezimwa, mara nyingi huurudisha mzigo ulikotoka. Na mchanga ukiwa umelowa usifyonzwe kabisa. Ungojewe ukauke, au uzolewe.

Lilibaki tatizo la nyaya, ambalo kwa watu wa visiwani ni la daima. Matundu mawili yalikuwa hayawashi mota kabisa. Nilizigusanisha zile nyaya mbili za volti 24 kwenye mashine, mota ikawaka, nikajua rilei na transfoma ni salama. Nikafungua matundu, nikakuta ndimi za shaba zimevaa kutu ya kijani ya chumvi. Zilisafishwa zikapakwa grisi. Mashine iwakayo yenyewe pasipo mtu kuchomeka mpira huwa na ugonjwa uleule kwa upande wa pili, nyaya hizo zikigusana mahali zisipopasa.

Karatasi ya mota mpya haikutumika. Lakini mwenye nyumba, ambaye alikuwa amejiandaa kujenga nyumba ndogo ya wageni karibu na ile kubwa, aliniuliza aichagulie mashine gani, na hapo nilisema mambo ambayo nimeyashika hadi leo. Nilimwambia kwanza asidanganywe na wati za mota, kwa kuwa hizo zaeleza umeme unaoliwa, hazielezi kazi inayofanywa. Atazame kipimo ambacho mafundi hukiita eawati, kinachozidisha wingi wa upepo kwa nguvu ya mvuto, na hata hicho akiangalie pamoja na urefu wa njia, maana mota kubwa katika njia ndefu yenye pindo kali hushindwa na mota ya kadiri katika njia fupi iliyo pana. Kwa mchanga mzito, wingi wa upepo una maana kuliko mvuto wa kunasa kiganja, ambao wauzaji hupenda kuuonyesha.

Pili, atazame mota inapoozwaje. Ziko ambazo hupoozwa na upepo uleule uliobeba vumbi baada ya kuchujwa. Ni za bei nafuu, lakini njia ikiziba mota hukosa ubaridi wake palepale inapouhitaji. Ziko nyingine zenye pangaboi lao mbali, linalovuta hewa safi. Kwa Vamizi nilisema hizi za pili, zikiwekwa upande usiopigwa na kusi, kwa sababu hewa ya pwani iliyojaa chumvi ikiingia kwenye mota siku zote hula shaba na beringi. Tangi liwe la kuzungusha upepo ili mchanga uanguke wenyewe kabla ya kufikia chujio. Mfuko wa karatasi huelemewa na mchanga na kupasuka.

Tatu, umeme. Msumbiji ni volti 220, na mashine zilizotengenezwa kwa soko la Amerika ni za volti 120; anayezichomeka bila ya transfoma ya kufaa huziunguza kwa dakika chache. Kisha nyumba za kisiwani huishi kwa jenereta na jua, na mota ya namna hii inapoanza huvuta kwa nukta moja umeme mwingi kuliko ule inaoula ikiwa imetulia, hata inveta iliyotosha kwa hesabu ya karatasi ikajizima. Nilimshauri achukue ile inayoanza polepole. Na nne, jambo ambalo wanunuzi hulisahau: brashi za kaboni, mipira ya vifuniko, machujio na mpira wa kusafishia viletwe pamoja na mashine, viwekwe kisiwani, na yule mama afundishwe kuvibadilisha. Alifundishwa. Alikuwa akibadilisha kaboni kwa mikono isiyotetemeka, na baada ya hapo akiniandikia, kwa mkono wa mjukuu wake, tundu lipi limeanza kupungua.

Mwaka 2020 watu wenye silaha waliingia visiwani humo, na Machi 2021 mji wa Palma, ulioko bara, ukashambuliwa. Yule mama alikuwa miongoni mwa maelfu waliokimbilia Pemba, akakaa kwa nduguze. Tulipozungumza kwa simu aliniuliza habari za watoto wangu kwa majina, na kisha, kabla ya kuaga, akataka kujua kama nyumba za Maskati nazo zina mchanga. Nikamwambia zina vumbi la jangwa, laini kuliko unga, ambalo hupita machujio ya kawaida. Akasema basi huko wafungue chujio mara nyingi zaidi. Ndivyo ilivyo.

Hivi karibuni ndugu yangu mmoja anayejenga Mikindani, aliyesikia habari hizi toka kwangu, alitaka mfumo kama huo katika nyumba ya vyumba vitatu. Nilimwambia kwamba kwa nyumba ya ukubwa huo, yenye sakafu ya vigae na zulia moja, mashine nzuri ya kuburura pamoja na ufagio wa chelewa zitamtosha, na fedha iliyobaki ajengee mahali pa kunawia miguu penye bomba na wavu, kando ya mlango wa mbele, kwa kuwa mchanga uliozuiwa mlangoni hauhitaji mota. Lakini mkewe ana pumu, na wanatarajia kuongeza ghorofa. Basi, madhali kuta zingali wazi na gharama ya bomba ni ndogo, nilimwambia ayalaze mabomba sasa, ya milimita 51 tupu pasipo kuchanganya, mapindo mapana, nyaya mbili zikifuatana nayo, na matundu mawili tu kwa kila ghorofa, yafunikwe na kuachwa. Mota itangoja siku atakapokuwa na fedha ya kuinunua. Mafundi wake wameanza kuchimba mifereji upande wa ukumbi, nami nitakwenda kuwatazamia viungo kabla hawajapiga lipu.